Karakana ya Nyumbani: Tuhesabu Kabla ya Kuchimba Msingi



Katika mitaa yetu ya Morogoro si ajabu kuona, nyuma ya nyumba ya mtu, kuta nne zilizofika kwenye linta, hazina paa, na ndani yake mpapai umekwisha kuota. Ukiuliza utaambiwa, "Ile ilikuwa iwe karakana." Mwenyewe alistaafu, akapata kiinua mgongo, akaanza ujenzi kwa furaha. Fedha zikaisha kabla ya bati la kwanza. Mashine aliyoinunua mapema imefunikwa turubai barazani, nayo inashika kutu. Karo ya mtoto ilikopwa, na deni lingalipo.

Tunaandika somo hili kwa ajili ya nyumba kama hiyo, na kwa ajili ya vijana wetu waliomaliza useremala au uchomeleaji pale VETA Kihonda, ambao sasa wanataka mahali pao pa kufanyia kazi. Karakana nyumbani ni jambo jema. Huondoa kodi ya pango, baba au mama huwa karibu na watoto, na zana hulala chini ya macho ya mwenyewe. Lakini yatupasa kuketi kwanza na kuhesabu. Wote tunaufahamu mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14, jinsi alivyochekwa na wapitao njia. Mfano ule hauhitaji kufafanuliwa sana kwa mtu aliyewahi kujenga.

Neno kuu la somo letu ni hili: tujenge kwa hatua, na kila hatua tutakayoimaliza iwe inaweza kutumika kwa kazi hata kama fedha za hatua inayofuata zitachelewa.

1. TUANZE NA KAZI, JENGO LIJE BAADAYE

Wengi wetu huanza kwa kupima kiwanja na kuuliza bei ya matofali. Tuanze kwingine. Tuchukue daftari, mume na mke wakae pamoja, waandike: Tutatengeneza nini? Nani atanunua? Kwa mwezi tunatazamia vitu vingapi? Anayetengeneza vitanda na milango anahitaji nafasi ya kulaza mbao ndefu. Anayetengeneza viti vidogo anahitaji nusu ya nafasi hiyo. Mchomeleaji wa mageti anahitaji sakafu ngumu na uwanja mbele ya mlango. Jengo litatokana na majibu hayo.

Hapa Morogoro tunalo somo kubwa juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1970 kilijengwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka, na robo tatu yake kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa mpya na za kisasa. Hata hivyo kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Sababu zilikuwa nyingi, na moja ilikuwa jengo lenyewe: kuta za alumini zisizo na njia ya kupitisha hewa, katika mji ambao sote twalijua joto lake la mwezi wa Januari.

Ndugu, ikiwa wataalamu wenye mabilioni waliweza kujenga nyumba kubwa kuliko kazi, tena isiyofaa kwa hali ya hewa ya mahali, sisi wenye mamilioni machache twaweza kukosea vivyo hivyo. Kwa hiyo tujiulize kwanza kazi ni kiasi gani, na joto litatokea wapi.

2. MAHALI PA KUJENGA

Karakana inafaa isimame peke yake, mbali kidogo na nyumba ya kulala. Vumbi la mbao, harufu ya vanishi, kelele na cheche za moto havipaswi kuwafuata watoto chumbani. Lakini isiwe mbali mno, kwa maana kila mita huongeza waya wa umeme, na usiku ni vema kusikia mtu akigusa kufuli.

Tuangalie maji yanakotoka. Mji wetu umekaa miguuni pa milima ya Uluguru, na maji ya masika, Machi hadi Mei, hushuka kwa nguvu. Wenzetu wa upande wa mashariki, Matombo na Kinole, hupata mvua nyingi zaidi kuliko sisi wa mjini. Sisi tunaoandika haya tuliwahi kujenga ghala dogo la zana kwenye mteremko, tukasahau mfereji wa upande wa juu. Masika ya kwanza maji yaliingia chini ya mlango, mbao zilizokuwa sakafuni zikapinda zote. Mfereji ungegharimu siku mbili za kibarua. Mbao ziligharimu zaidi ya hapo.

Basi, tuchimbe mfereji upande wa juu kabla ya msingi, na sakafu iinuliwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi, fundi achimbe msingi kwa kina zaidi, kwa maana udongo huo huvimba na kusinyaa, nazo kuta hupata nyufa.

Mwenye kiwanja mjini apate kibali cha ujenzi kutoka Manispaa kabla ya kuanza, na aulize jengo likae umbali gani kutoka mpakani. Wa kijijini aende ofisi ya kijiji. Tena azungumze na jirani mapema. Jirani aliyeambiwa saa za kazi hawezi kugombana nawe kama yule aliyeshtukizwa na kelele za randa siku ya mapumziko.

3. UKUBWA NA VIFAA: MFANO WA MITA 6 KWA 4

Tuchukue mfano wa seremala anayetaka jengo la mita 6 kwa mita 4, lenye paa la mteremko mmoja. Ukuta mrefu wa mbele uwe na kimo cha mita 3, wa nyuma mita 2.4. Paa la namna hii halina mgongo, ni rahisi kwa fundi, na maji yote huanguka upande mmoja.

Kuta. Mzunguko ni mita 20, na kimo cha wastani mita 2.7, yaani mita za mraba 54. Tukitoa mlango mkubwa na madirisha mawili, kiasi cha mita za mraba 9, zinabaki 45. Kwa matofali ya saruji ya inchi 6, yenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, tuhesabu 10 kwa kila mita ya mraba pamoja na yatakayovunjika. Hayo ni 450. Kozi tatu za msingi zinahitaji 130 hivi. Jumla tuseme 600, pamoja na akiba ndogo. Wenye matofali ya kuchoma wafanye hesabu yao kwa kipimo cha tofali lao, kwani kila tanuri lina kipimo chake.

Sakafu. Eneo la mita za mraba 24, unene wa sentimita 10, ni zege la mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, itahitajika mifuko kama 16 ya kilo 50. Hapa watu wengi huiba saruji wakijiibia wenyewe. Sakafu dhaifu hutetemesha mashine, na mashine inayotetemeka haikati sawa.

Paa. Tukiacha nusu mita ya kutokeza kila upande, tunapata mita za mraba 35 hivi. Mabati ya urefu wa mita 3 yatakuwa kama 20, kwa kutegemea upana wake. Na siku hizi viwanda hukata bati kwa urefu unaotaka, jambo linaloweza kupunguza mabaki. Tukumbuke kwamba katika mabati namba ndogo ndiyo bati nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Paa hili likikingwa kwa mfereji na pipa, mvua ya milimita 20 hutoa lita 700 za maji. Hilo ni faida kwa mama wa nyumba, nalo liandikwe katika hesabu.

Hewa. Tuache nafasi wazi chini ya bati kwa urefu wote wa kuta mbili ndefu, tuizibe kwa wavu wa chuma. Joto hupanda, nalo litatoka hapo. Tukumbuke kile kiwanda.

Mlango. Mbao nyingi za sokoni zina urefu wa futi 12, yaani mita 3.6. Msumeno wa meza huhitaji urefu huo nyuma yake, na urefu huo huo mbele yake, jumla zaidi ya mita 7. Jengo letu lina mita 6. Je, tuongeze jengo? Hapana. Tuweke mlango mkubwa kwenye ukuta mfupi, na mashine ielekee mlangoni, ili ubao mrefu utokee nje unapokatwa. Kwa kufikiri hivyo tumeokoa zaidi ya mita moja ya kuta, sakafu na paa, bila kutoa hata senti.

4. UMEME

Hapa ndipo makadirio mengi huharibika, kwa sababu watu huandika "umeme" katika mstari mmoja na kuweka kiasi cha kubahatisha.

Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, volti 230. Mota ya kilowati 2.2 huvuta ampea kama 15 ikiwa kazini, na mara 5 au zaidi ya hizo inapoanza. Tuseme karakana iko mita 30 kutoka kwenye swichi kuu. Tukivuta waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, tutapoteza volti 8 hivi mota ikiwa kazini, na volti 40 inapoanza. Mota itanguruma bila kuzunguka, taa zitafifia, na siku moja mota itaungua. Tukitumia waya wa milimita 6 za mraba, upotevu huwa volti 3 kazini na 16 wakati wa kuanza. Waya mnene ni ghali, lakini mota ni ghali zaidi.

Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na karakana iwe na swichi yake kuu ili izimwe yote kwa mara moja. Na LUKU isisahauliwe: mashine hiyo ikifanya kazi saa moja mfululizo hula yuniti 2 hadi 3. Gharama hiyo iingie katika bei ya kitanda tunachouza.

5. MGAWANYO WA FEDHA

Tuseme mstaafu amepata shilingi 15,000,000. Swali la kwanza si karakana itagharimu kiasi gani. Swali la kwanza ni kiasi gani nyumba hii inaweza kutoa na bado watoto wakasoma na wagonjwa wakatibiwa. Mume na mke wakiketi, wakaona 7,000,000 zibaki kwa karo, matibabu na chakula cha mwaka, basi karakana ni ya 8,000,000. Mpaka huo ukisha kuandikwa usivukwe.

Fedha hizo twaweza kuzigawa hivi. Tunatoa mfano tu, bei za dukani kila mtu atazipata mwenyewe:

Jengo: sehemu 50 katika 100, sh. 4,000,000.
Umeme: sehemu 12, sh. 960,000.
Mashine na zana: sehemu 20, sh. 1,600,000.
Mbao na vifaa vya kazi ya kwanza: sehemu 8, sh. 640,000.
Dharura: sehemu 10, sh. 800,000.
Jumla: sh. 8,000,000.

Angalieni mstari wa nne. Wengi hujenga, hununua mashine, kisha hukosa fedha ya mbao. Karakana isiyo na ubao ni stoo. Angalieni na mstari wa tano. Dharura isitumiwe kwa rangi wala vigae. Ni ya siku lori la mchanga litakapopanda bei, au mwamba utakapoonekana kwenye msingi.

Bei tuziulize katika maduka matatu, tuziandike pamoja na tarehe, na gharama ya kusafirisha iwe mstari wake. Anayepandisha saruji Mgeta au Matombo anajua kwamba usafiri waweza kukaribia bei ya mfuko wenyewe. Kwa mtu kama huyo matofali ya udongo yaliyochomwa kijijini yaweza kuwa nafuu. Fundi naye tupatane naye kwa kazi, si kwa siku, na malipo yatolewe kwa hatua: msingi, kuta, paa. Mapatano yaandikwe, mashahidi wawepo.

6. KAMA FEDHA HAZITOSHI

Tuseme tumeuliza bei, na jengo peke yake limefika 5,500,000 wakati tulipanga 4,000,000. Hapa ndipo palipo na jaribu. Mmoja atasema tuanze tu, Mungu atajalia. Mwingine atakwenda kwenye mikopo ile ya riba kali ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Tusifanye hivyo. Tuligawe jengo.

Hatua ya kwanza: tuchimbe msingi wote wa mita 6 kwa 4, tusimamishe nguzo za zege, tuezeke paa lote, tumwage sakafu. Kuta tujenge za sehemu ya nyuma tu, mita 2, tukate kwa ukuta wa mbao wenye mlango na kufuli. Hiyo itakuwa stoo ya zana. Matofali ya kuta yatakuwa kama 220 badala ya 450. Mbele panabaki banda wazi la mita 4 kwa 4, lenye kivuli na hewa, nalo latosha kwa meza ya kazi na jiriwa.

Hatua ya pili: kazi ikisha kuleta fedha, tuzibe kuta zilizobaki na kuweka mlango mkubwa. Ukuta wa mbao twaweza kuuondoa. Hatua ya tatu: plasta, rangi, na mashine kubwa zaidi.

Tazameni tofauti. Yule wa mwanzo wa somo letu alipandisha kuta zote, akakosa paa. Fedha zake zimelala katika matofali yanayonyeshewa. Huyu wa pili ana paa tangu mwezi wa kwanza, anafanya kazi chini yake, na kila kitanda anachouza chaongeza kozi ya matofali.

Na mashine? Kijana aanze na zana za mkono, randa, patasi na msumeno mzuri, na kazi kubwa ya kupasua aipeleke kwa mwenye mashine na kulipa. Akiona analipa kila wiki fedha nyingi, hapo ajue wakati wa kununua umefika. Ushauri juu ya mashine na biashara ndogo unapatikana SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo hasa, nalo lina ofisi hapa Morogoro.

7. MAMBO YA KUKUMBUKA

Mbao zinunuliwe kwa risiti na hati halali ya kusafirishia. Misaji ya Mtibwa na misindano ya Sao Hill ni miti iliyopandwa ili ivunwe. Msitu wa asili wa Uluguru, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, si wa kuvunwa. Maji tunayokunywa mjini hutoka huko juu, na ubao wa bei poa uliotoka usiku wa manane ni ghali kwetu sote.

Vanishi, tina na petroli visikae pamoja na kazi ya kuchomelea. Takataka za randa zifagiliwe kila jioni. Ndoo ya mchanga iwe mlangoni, na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Mchwa haumwogopi mtu. Mbao zisilazwe sakafuni, ziwekwe juu ya vyuma, mbali na ukuta.

Mwisho, daftari. Lile tuliloanza nalo lisitupwe jengo likiisha. Liendelee kuandikwa kila kinachoingia na kila kinachotoka, na mume na mke walifungue pamoja kila mwisho wa mwezi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mtaa wetu kuna majengo mangapi yaliyosimama njiani? Nini kilikosekana, fedha au hesabu?

2. Mstaafu akipata kiinua mgongo, nani katika nyumba wanapaswa kukaa pamoja kabla ya shilingi ya kwanza kutumika?

3. Vijana wetu watatu wenye ufundi mmoja wanaweza kushirikiana karakana moja? Masharti gani yaandikwe ili wasigombane?

4. Je, parishi yetu yaweza kuwa na zana za kuazimishana, na nani azitunze?

Tunawatakia kazi njema. Anayetaka kuonyesha makadirio yake kabla ya kuchimba msingi, na alete daftari lake baada ya ibada. Tutakaa naye chini ya mwembe, na tutahesabu pamoja.